Usikimbilie Pesa za NSSF Ukifika Miaka 50

Nimekuwa kimya humu kwa wiki kadhaa. Mliozoea kuja kusoma habari za Linux, simu na hifadhidata mnisamehe, leo naandika juu ya pesa za uzeeni. Lakini msiondoke. Hii nayo ni habari ya kompyuta, kwa sababu inahusu hesabu mbovu niliyoifanya mimi mwenyewe, mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, hesabu ambayo nusura imtoe mjomba wangu kazini.

Nianze mwanzo.

Krismasi iliyopita nilikuwa nyumbani Butali. Kwa wasiopajua, Butali iko kwenye barabara kuu ya Kakamega kwenda Webuye, upande wa Malava, katikati ya mashamba ya miwa. Ukikaa sokoni nusu saa utapitwa na matrekta yanayovuta trela za miwa mpaka uchoke kuyahesabu. Mjomba wangu ni dereva wa trekta kama hizo. Ameajiriwa, ana karatasi ya mshahara, na mwaka jana alitimiza miaka 50.

Jioni moja, chai ikiwa mezani, akaniambia, "Mpwa wangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Nimeambiwa nikifika 50 naweza kuacha kazi na kuchukua pesa zangu za NSSF. Nataka kununua pikipiki. Nipigie hesabu, nichukue sasa au nisubiri 60?"

Nikafungua kompyuta. Dakika kumi baadaye nikamwambia, kwa kujiamini kabisa, "Mjomba, hakuna tofauti kubwa. Ukitaka chukua."

Ndugu msomaji, lile lilikuwa jibu baya kuliko yote niliyowahi kumpa mtu mzima. Nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza nataka kugombana na watu wawili.

Mtu wa kwanza: anayesema "chukua mapema kabla hawajazila"

Huyu utamkuta kila mahali. Yuko kwenye mizani ya miwa, yuko kwenye matatu, yuko kwenye matanga. Hoja yake ni moja: serikali itakula pesa zako, kwa hiyo siku ukifika 50 kimbia ukachukue.

Sisemi hana sababu ya kuogopa. Watu wa upande wetu wameona mambo. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan Paper, kilifungwa mwaka 2009, na mji mzima ukabaki umeduwaa. Mumias Sugar iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Na NSSF yenyewe, katika miaka ya 1990, ilisifika kwa kununua viwanja kwa bei za ajabu. Mtu aliyeyaona hayo akikuambia haamini mfuko wa serikali, usimcheke.

Lakini hofu si hesabu. Hofu haikuambii una kiasi gani, utaongeza kiasi gani ukibaki, na utapoteza kiasi gani ukiondoka. Na yule anayekuambia "kimbia" hatakuwepo pesa zikiisha.

Namjua mmoja aliyekimbia. Ni baba yangu. Alichukua zake akiwa na miaka 51, zote kwa mkupuo. Sehemu ikaenda kwenye karo yetu, na kwa hilo siwezi kulalamika, maana huenda digrii hii ninayojivunia ina vumbi la pesa hizo. Sehemu ikaenda kwenye paa. Iliyobaki iliondoka kidogo kidogo, kwa harambee, kwa mgonjwa, kwa jirani aliyekopa akahama. Miaka miwili haikuisha. Leo ana miaka 63. Inua Jamii, ile ya shilingi 2,000 kwa mwezi ambayo serikali huwalipa wazee, huanzia miaka 70. Hesabu mwenyewe hilo shimo katikati.

Mtu wa pili: anayesema "subiri 60, mwisho wa habari"

Huyu yuko Nairobi. Ana mshahara mzuri, ana bima, ana kipindi redioni au ukurasa mtandaoni. Anawaambia watu wa kijijini kwamba kuchukua mapema ni ujinga na ukosefu wa nidhamu.

Naye simkubali. Kama umefutwa kazi ukiwa na miaka 53, mke ni mgonjwa na hakuna senti inayoingia, pesa zako zina haki ya kukufaa. Sheria yenyewe imeruhusu: mwanachama aliyefika miaka 50 na akaacha kazi ya kuajiriwa anaweza kudai. Mlango huo uliwekwa kwa watu kama hao, na anayeupita kwa shida hana haja ya kuona haya.

Tena huyu bwana wa Nairobi hupenda kunukuu ushauri wa Marekani bila kusema kwamba sheria za kule ni tofauti kabisa. Ngoja niwaeleze, maana hapa ndipo watu wengi wa mtandaoni wanapopotea.

Marekani, pensheni ya serikali inaitwa Social Security. Aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye, umri wake kamili ni miaka 67. Akianza kuchukua akiwa na 62, analipwa asilimia 70 ya malipo yake kamili, kila mwezi, maisha yake yote. Akisubiri hadi 70, analipwa asilimia 124. Yaani kule kusubiri kwenyewe kunalipwa, kwa fomula iliyoandikwa ndani ya sheria. Swali lao ni "nitaishi muda gani?" Anayetarajia kuishi sana anasubiri. Anayejua ni mgonjwa anachukua mapema.

Kwetu NSSF si hivyo. Pesa zako ni akaunti: michango yako, michango ya mwajiri, na riba inayotangazwa kila mwaka. Hakuna zawadi ya kusubiri zaidi ya riba hiyo. Na ukifariki kabla ya kuchukua, pesa hazipotei, wategemezi wako wanaweza kuzidai. Kwa hiyo swali la "nitaishi muda gani?" si swali letu la kwanza. Swali letu la kwanza ni hili: nikiacha kazi leo, naacha michango kiasi gani mezani?

Na hilo ndilo swali nililolisahau Krismasi.

Hitilafu yangu

Nilipompigia mjomba hesabu, nilifikiria riba peke yake. Nikasema tuchukulie ana shilingi 200,000. Tuchukulie riba ya asilimia 7 kwa mwaka, kwa miaka 10. Zinakuwa kama 393,000. Inapendeza. Lakini bei nazo hupanda. Tuchukulie zinapanda asilimia 5 kwa mwaka. Basi zile 393,000 za mwaka wa kumi zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa 241,000 hivi. Faida halisi ya kusubiri miaka 10 ni kama 41,000.

Nikamtazama mjomba, nikaitazama ile 41,000, nikasema hakuna tofauti kubwa.

Michango ya mbele niliiweka, ndiyo. Lakini niliiweka kwa kiwango nilichokijua tangu utotoni: shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri, jumla 400 kwa mwezi. Kwa miaka 10 ni 48,000. Nikaona ni pesa za peremende.

Nikarudi Nairobi. Mwezi uliofuata mjomba akanitumia kwa WhatsApp picha ya karatasi yake ya mshahara, akitaka nimsaidie kuandika barua ya kuacha kazi. Mshahara 24,000. NSSF: 1,440.

Nikaisoma mara tatu. 1,440, si 200.

Wasomaji wangu, ile 200 ilikufa Februari 2023. Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa mwaka 2013, ikakwama mahakamani karibu miaka kumi, kisha ikaanza kutekelezwa Februari 2023 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa. Kesi ziliendelea hata baada ya hapo, lakini makato hayakurudi nyuma. Sasa ni asilimia 6 ya mshahara kutoka kwako na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, mpaka kwenye kikomo cha mshahara. Kikomo hicho kilianza 18,000 mwaka 2023, kikawa 36,000 mwaka 2024, 72,000 mwaka 2025 na 108,000 mwaka 2026.

Mimi nilikuwa nalalamika kila mwezi kuhusu makato hayo kwenye mshahara wangu! Halafu nikakaa mbele ya mjomba nikaandika 400. Programu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye namba niliyoilisha. Ukiingiza takataka, utatoa takataka. Tulifundishwa muhula wa kwanza.

Hesabu sahihi

Sasa tazama akaunti ya mjomba, michango tu, bila riba.

1. Februari 2003 hadi Januari 2023, miaka 20: shilingi 400 kwa mwezi. Jumla 96,000.

2. Februari 2023 hadi Januari 2024: asilimia 6 ya 18,000 ni 1,080, mara mbili ni 2,160 kwa mwezi. Jumla 25,920.

3. Februari 2024 hadi Januari 2026: asilimia 6 ya 24,000 ni 1,440, mara mbili ni 2,880 kwa mwezi. Kwa miaka miwili ni 69,120.

Jumlisha namba 2 na 3. Unapata 95,040.

Soma tena polepole. Miaka mitatu ya sasa imemwekea mjomba 95,040. Miaka ishirini ya zamani ilimwekea 96,000. Miaka mitatu imekaribia kulingana na ishirini!

Na mbele? Akibaki kazini miaka 10, kwa mshahara huo huo bila kuongezwa hata senti, ni 2,880 mara miezi 120. Ni 345,600. Nusu yake, 172,800, inatoka mfukoni mwa mwajiri. Riba bado sijaigusa.

Kwa hiyo anayeacha kazi akiwa na miaka 50 ili achukue NSSF anafanya biashara ya ajabu. Anavuna shamba lililopandwa kwa 400, halafu analiacha mwaka lilipoanza kuwekewa mbolea. Zamani, mzee aliyechukua akiwa na 50 hakupoteza mengi, maana shilingi 400 kwa mwezi hazikuwa kitu. Ushauri wa "chukua mapema" haukuwa mbaya sana kwa wakati wake. Sheria imebadilika, ushauri umebaki ule ule, na watu wanautumia kama programu ya Windows 98 kwenye kompyuta ya leo.

Hii ndiyo hoja yangu, naisema wazi: kama bado una kazi na mwajiri anachangia, usiiache kwa ajili ya kuchukua pesa ukiwa na 50. Kama kazi imekuacha wewe, hiyo ni habari nyingine. Chukua ukihitaji, usiombe radhi kwa mtu.

"Lakini pikipiki inalipa kila siku"

Mjomba hakukubali kirahisi. Akaniambia kwenye simu, "Mpwa wangu, pikipiki inanilipa kila jioni. Hao wa NSSF watanilipa nikiwa naelekea kaburini."

Ni hoja nzito, na sikutaka kuipuuza. Lakini nilimuuliza mambo mawili. La kwanza, pikipiki ya mwaka huu itakuwa na thamani gani mwaka wa tano, baada ya barabara za Butali msimu wa mvua? La pili, ni nani amesema lazima uache trekta ndipo upate pikipiki? Ana chama, ana sacco, ana kijana wa dada yake mwingine anayetafuta kazi. Anaweza kukopa, kijana aendeshe, na mshahara uendelee, pamoja na ile 1,440 ya mwajiri.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema atafikiri.

Kabla ya kuamua, soma taarifa yako

Kuna jambo la mwisho, na hili lilinitisha kuliko hesabu yenyewe.

Nilimwomba mjomba tuangalie taarifa yake ya michango. Tukaingia kwenye ukurasa wa wanachama katika tovuti ya NSSF, yeye akinisomea namba kwa simu. Tukakuta pengo la miezi 31. Ilikuwa miaka alipoendesha lori la mwajiri mwingine, ambaye sitamtaja. Mjomba anakumbuka vizuri kwamba alikatwa kila mwezi. Pesa hazikufika.

Miezi 31 mara 400 ni 12,400. Zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi. Kwa hiyo ile 96,000 niliyoiandika juu ni ile iliyopaswa kuwepo. Iliyopo ni 83,600.

Angekimbilia pesa akiwa na haraka ya pikipiki, angelipwa zilizopo, angeshukuru, na pengo lingesahaulika. Kwa bahati, karatasi chache za mshahara za miaka ile bado ziko kwenye sanduku la shangazi. Sasa anazikusanya apeleke Kakamega. Kumbuka kwamba mwajiri anayekata bila kupeleka anavunja sheria, na deni ni lake, si lako. Lakini bila karatasi utabishana na upepo.

Kwa hiyo, wewe unayekaribia 50, au una mzazi anayekaribia, fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Pata taarifa ya michango. Hesabu miezi. Mapengo yafuatiliwe sasa, wakati mashahidi wako hai.

2. Chukua karatasi ya mshahara ya mwezi huu, si ya kumbukumbu. Mchango wako mara mbili, mara miezi iliyobaki mpaka 60. Hiyo ndiyo bei ya kuacha kazi.

3. Uliza kama sehemu ya mchango wako inapelekwa kwenye mfuko wa kibinafsi. Sheria inamruhusu mwajiri kufanya hivyo kwa sehemu ya pili ya mchango, akiidhinishwa. Usije ukadhani zimepotea.

4. Kama umeshatoka kwenye ajira na hujafika 60, unaweza kuendelea kuchangia mwenyewe. Ule mpango wa Haba Haba ulianza na shilingi 25 kwa siku.

Walimu na watumishi wa serikali, msichanganye mambo. Walio kwenye pensheni ya zamani wana fomula yao: sehemu moja ya 480 ya mshahara wa mwisho kwa kila mwezi wa kazi. Kila mwaka unaoongeza ni asilimia 2.5 ya mshahara wa mwisho, maisha yako yote. Walioingizwa kwenye mpango mpya ulioanza Januari 2021 wana akaunti, na hesabu yao inafanana zaidi na hii ya mjomba.

Kwa waandishi wa programu wenzangu

Taarifa ya Social Security ya Marekani humwonyesha mwanachama atakacholipwa akianza na 62, 63, 64, hadi 70. Mistari tisa. Mtu hahitaji mpwa mwenye digrii. Taarifa ya michango ya kwetu inaeleza yaliyopita, wakati uamuzi unahusu yajayo. Nataka kila taarifa ya NSSF ibebe mistari mitatu zaidi: ukiacha na 50, na 55, na 60. Data ya michango ipo. Fomula ni kujumlisha na kuzidisha. Ni kazi ya wiki moja, na nusu ya wiki hiyo ni kuchagua rangi.

Tunatengeneza programu za kubashiri mpira na za kukopesha watu kwa riba ya kutisha. Tumeshindwa kumtengenezea dereva wa trekta mistari mitatu? Na mimi ninayepiga kelele, niliyepewa nafasi hiyo mezani kwa mjomba, nikaingiza 400.

Nimeanza kuandika kikokotoo kidogo. Kinauliza mshahara, umri na salio, basi. Kikiwa tayari nitakiweka hapa na msimbo wake wote, mkikague, mnisahihishe. Nimejifunza kwamba nahitaji kusahihishwa.

Barua ya mjomba bado iko kwenye droo. Haijachanwa, haijapelekwa. Jana alinipigia kuniambia amepata karatasi nyingine mbili za mshahara, za mwaka 2011. Kisha akauliza, "Ile 1,440 ya mwajiri, ni kweli nikitoka inakatika siku hiyo hiyo?"

Nikamwambia, ndiyo mjomba. Siku hiyo hiyo.

Tuonane wiki ijayo. Na leo jioni, kabla hujalala, mpigie mzazi wako umuulize mara ya mwisho kuona taarifa yake ilikuwa lini.